Stelvio ya Marangu: shajara ya kupanda kama uko Alps bila kutoka Moshi

Wiki ya 1

Hii habari imeanzishwa na mgeni. Mwezi wa pili binamu yangu, ambaye ni mwongoza watalii wa mlimani, alimshusha mzee mmoja kutoka Italia, kule kaskazini kabisa wanakoongea Kijerumani, mzee ana miaka sabini na ushee na Uhuru Peak kafika bila kulalamika. Jioni tunamsindikiza mjini kununua batiki akanyoosha kidole kwenye mlima akauliza, huko mnapanda na baiskeli kwa barabara ngapi? Nikacheka, nikamwambia huku baiskeli ni ya kubebea ndizi na majani ya ng'ombe, na kwenye kupanda unaisukuma, mwenye akili anaipandia wakati wa kushuka tu. Akatoa simu akanionyesha picha ya barabara ya kwao kwenye milima ya Alps inaitwa Stelvio, yaani barabara imejikunja kwenye ukuta wa mlima kama uzi wa cherehani uliokorofika, kona juu ya kona, mpaka juu kuna barafu.

Mi nafanya kazi ya stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwahiyo namba zikinikaa kichwani haziondoki. Usiku nikatafuta. Stelvio upande wa Prato inaanzia mita kama 915 juu ya bahari, inaishia mita 2,757, urefu kilomita 24 na kidogo, kona kali 48 na kila kona ina kibao chenye namba yake. Ilijengwa kati ya 1820 na 1825 wakati Austria inatawala Lombardy, injinia anaitwa Carlo Donegani, na waliijenga ili kuunganisha Lombardy, ambayo sasa iko Italia, na Tyrol, jimbo la Austria la milimani. Mashindano ya baiskeli ya Giro d'Italia yalipita pale mara ya kwanza mwaka 1953 na Fausto Coppi ndo akawamaliza wenzake.

Sasa angalieni hiyo 915 na hiyo 2,757 vizuri. Moshi mjini ukianzia huku chini mpaka Shanty ni kati ya mita mia saba na mia tisa hamsini. Mandara Hut, kituo cha kwanza njia ya Marangu, ni mita 2,720. Nikakaa kitandani nikasema ebo! Yaani hao watu wanatoka urefu wa Moshi wanafika urefu wa Mandara, basi, ndo hiyo Stelvio yenyewe. Na mimi nimezaliwa hapa hapa na Mandara sijawahi kufika.

Mradi ni huu: kutoka nyumbani Majengo kwa baiskeli mpaka geti la Marangu, mita kama 1,860, pale baiskeli inabaki maana njia ya Marangu ni ya miguu, afu natembea mpaka Mandara na kurudi nyumbani, siku moja. Masika ikiisha tu naanza mazoezi.

Wiki ya 2

Baiskeli. Nina baiskeli ya gia ya mtumba, tairi inchi 26, chuma kizito, ukiinyanyua unajua umenyanyua kitu. Nimeipeleka kwa fundi wa Majengo, mzee mmoja anakaa chini ya mwarobaini, nikamsalimia shikamoo nikamweleza nataka kupanda Marangu. Akaniangalia miguu kwanza, afu baiskeli, afu miguu tena.

Tatizo ni gia. Gia yangu nyepesi kabisa ilikuwa meno 28 mbele na meno 28 nyuma, maana yake ukizungusha pedeli mara moja tairi nalo linazunguka mara moja, unasogea mita mbili na kidogo. Kwa mtu wa Giro hiyo ni sawa, kwa mtu wa stoo ni kifo. Fundi akatafuta kwenye ndoo yake ya vyuma akapata friwili ya meno 34, chafu lakini meno mazima, akaifunga. Sasa nikizungusha mara moja nasogea kama mita 1.7 tu, nikizungusha mara sitini kwa dakika natembea kilomita sita kwa saa, yaani mwendo wa mama anayetoka sokoni. Lakini sishuki kwenye baiskeli, hiyo ndo sheria niliyojiwekea.

Cheni ilikuwa imelegea nikanunua mpya dukani mjini. Nitaisema baadaye.

Wiki ya 3

Mweka. Nimechagua Mweka kwa sababu ni karibu, na kuna lami, na nikishindwa haisi zinapita.

Kutoka Shanty unapandisha taratibu, mwanzoni unajidanganya kwamba mbona rahisi, migomba huku na huku, hewa ya baridi, watoto wa shule wanakusalimia. Afu ukivuka vijumba vya kwanza barabara inaanza kukuonyesha. Hapa ndo nimegundua kitu ambacho kwenye picha ya yule mzee sikukiona. Barabara zetu hazina kona! Zina kona ndogo ndogo ndio, ila hazijajikunja kama za kwao. Sababu ni mlima wenyewe. Kilimanjaro ni volkano iliyosimama peke yake, maji yameuchana kuanzia juu mpaka chini, korongo, mgongo, korongo, mgongo, na watu wamejenga vihamba vyao kwenye migongo, kwahiyo barabara nayo inapanda na mgongo wake mpaka inapokutana na msitu inakufa hapo. Ukitaka kwenda kwa jirani wa mgongo wa pili unashuka korongoni unavuka mto unapanda tena, afu unakuta kumbe hata Kichagga chao kimebadilika.

Kule Alps ni habari nyingine, barabara inatafuta sehemu ya chini kwenye safu ya milima ili ivukie upande wa pili, bonde hili mpaka bonde lile, na Stelvio ilijengwa wakati wa magari ya farasi kwahiyo ilibidi mwinuko uwe ule ule ambao farasi anauweza, ndo maana ikakunjwa mara 48. Wastani wake ni asilimia saba na kitu kuanzia chini mpaka juu, hakuna kupumzika lakini pia hakuna ukuta. Huku kwetu wastani wa Mweka mpaka getini ni mdogo kuliko huo, ila kuna vipande unasimama kwenye pedeli unaomba.

Nilifika chuo cha wanyamapori nikiwa natoa sauti kama pampu. Cheni mpya ikakatika pale pale juu kidogo ya chuo. Mpya! Wiki moja! Aliyeniuzia alisema orijino. Nikashuka mpaka mjini bila cheni, na nikwambie ukweli kushuka bila cheni kutoka Mweka unafika mjini bila shida kabisa, hujui hata kwamba huna cheni mpaka unafika tambarare.

Wiki ya 4

Mvua ya kujikusanya. Sijafanya kitu.

Wiki ya 5

Fundi kanifungia cheni iliyotumika, akasema chuma cha zamani kinaaminika kuliko hicho cha kung'aa.

Nimepanda Old Moshi, upande wa Kidia. Hii ndo imeniumiza kuliko zote, kuna kipande bodaboda mwenyewe abiria anashuka. Nikakutana na kijana wa bodaboda ananijua akasema kaka shika hapa begani nikuvute, nikashika. Mita kama mia mbili. Naandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye, hiyo siku haihesabiki.

Nilipumzika Tsuduni, pale Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli, chifu wa Old Moshi, na wenzake mwezi wa tatu mwaka 1900. Kulikuwa na mzee anachunga mbuzi wawili, akaniuliza natafuta nini nikamwambia nafanya mazoezi, akasema Meli angekuwa na baiskeli wasingemkamata. Sikujua nicheke au nisicheke, yeye alicheka.

Kushuka ndo niliona cha moto. Nimebana breki muda wote kwa woga, raba zikaanza kunuka, rimu ukiigusa inaunguza, na mwisho nabana mpaka mwisho na baiskeli haisimami, ikabidi niipeleke kwenye ukingo wa mfereji nikaangukia kwenye mahindi ya watu. Mkono umechubuka, mwenye mahindi nimemuomba radhi, akaniambia pole mwanangu afu akanidai mahindi manne yaliyovunjika.

Fundi amenifundisha: usibane kidogo kidogo muda wote, bana kwa nguvu mwendo upungue, afu achia, rimu ipoe, bana tena. Na nyuma na mbele kwa zamu. Kule Stelvio kona zenyewe zinakulazimisha kufanya hivyo kila baada ya mita mia chache, hapa kwetu mtu inabidi ujipangie kona zako mwenyewe kichwani. Nikaanza kutumia nguzo za umeme.

Wiki ya 7

Jaribio la kwanza. Limekufa, na aliyeliua ni mtori.

Nilipanga vizuri. Kutoka Majengo, Kiboriloni, Uchira, Himo, hii ni barabara kuu ya malori, karibu kilomita 27 na haina kupanda kwa maana, inacheza tu juu chini. Kazi inaanzia Himo ukikata kushoto: kama kilomita 12 mpaka Marangu Mtoni, na nyingine kama tano mpaka getini, na ndani ya hizo kilomita kumi na saba unapanda karibu mita elfu moja. Niliwaza nitaondoka saa kumi na mbili nikaondoka saa moja. Kosa la kwanza.

Kosa la pili, shangazi yangu anakaa Marangu Mtoni, mita mia mbili kutoka barabarani, nikasema sio vizuri nipite bila kumsalimia. Nani amewahi kumsalimia shangazi wa Kichagga dakika tano? Alikuwa ameinjika mtori, akasema huendi popote hujala, umekonda, mama yako anajua unachofanya? Nikala. Akaongeza. Nikala. Afu akaita majirani waje wamuone mtoto wa kaka yake aliyetoka Moshi na baiskeli kama muuza samaki.

Nilifika getini saa tano kasorobo na tumbo limejaa, binamu ananisubiri amekunja uso, pale wakasema kwa mtu wa kwenda na kurudi muda umeshapita. Na wako sahihi, mi ndo nimechelewa. Nikakaa nikasoma mabango. Kuna jambo limenigusa. Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer alipofika kileleni alikuwa na mwenzake Ludwig Purtscheller, na huyu Purtscheller kazaliwa Innsbruck, Tyrol, alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo kule Salzburg, mtu wa Alps kabisa. Tyrol ndo ile ile ambayo Stelvio ilijengwa kuiunganisha. Walianzia hapa hapa Marangu, kwa Mangi Marealle, na Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu ndo anatajwa kuwaongoza njia. Kwahiyo mtu wa kule alishakuja kupanda kwetu miaka zaidi ya mia iliyopita, mimi narudisha zamu tu, tena kwa bei nafuu.

Wiki ya 8

Nimejifunza. Binamu kashughulikia kibali mapema, control namba imetoka nimelipa kwa simu, raia tunalipa kwa shilingi na sio dola, hapo nashukuru. Kingine nilichohesabu ni chakula. Mimi na baiskeli na maji na begi ni kilo 92. Kuinua kilo 92 kwa mita zaidi ya 1,800 ni kama kalori 400 za kazi yenyewe, lakini mwili unapoteza kama robo tatu ya nguvu kuwa joto, kwahiyo ni kama 1,600 za kupanda peke yake, bado hizo kilomita 27 za kwenda Himo. Kwahiyo ndizi mbivu nane, karanga, chapati nne, glukosi, lita tatu za maji. Na HAKUNA MTORI mpaka kurudi.

Raba za breki mpya, safari hii fundi mwenyewe kazichagua.

Siku yenyewe

Nimeondoka saa kumi alfajiri. Reflekta ya bodaboda kifuani, taa mbele, taa nyuma. Barabara ya Himo usiku na malori sitaki kuirudia, lori likikupita upepo unakuvuta ndani, nilikuwa nasikia likija kwa mbali nashuka kwenye vumbi kabisa nasubiri lipite. Yaani kipande cha tambarare ndo kilikuwa cha hatari kuliko mlima wote.

Himo kumi na moja na dakika arobaini. Nikala ndizi mbili nimesimama, muuza kahawa akanipa kikombe akakataa hela aliposikia naenda wapi, akasema we nenda ukirudi utalipa, nadhani alitaka kuhakikisha nimerudi.

Kuanzia hapo sina mengi ya kusimulia kwa sababu nilikuwa naangalia tairi la mbele. Gia nyepesi, mwendo wa mama sokoni. Giza likaanza kuachia, kukawa na ukungu ule wa mwezi wa saba unaokaa upande wetu huu asubuhi yote, mlima huuoni kabisa, unajua upo kwa sababu miguu inauma. Baridi ikaingia taratibu. Wanasema kila mita mia unazopanda joto linashuka kama nusu digrii na kidogo, na kweli Himo nilikuwa na fulana, Marangu Mtoni nimevaa sweta.

Marangu Mtoni nilipanga kupita kimya. Nikakuta shangazi amesimama barabarani na kanga mbili na chupa ya chai, binamu alimwambia! Shikamoo shangazi, marahaba, kunywa. Nikanywa nimekaa kwenye baiskeli mguu mmoja chini, dakika mbili, akanisukuma mgongoni kwa mkono wake mpaka nikashika mwendo. Huo msukumo nao sijui nihesabu vipi ukilinganisha na wa bodaboda. Nimeamua unahesabika.

Kilomita tano za mwisho mpaka getini ndo mbaya. Kuna sehemu nilikuwa nakata barabara kushoto kulia kushoto kulia kama nyoka ili mwinuko upungue, nikakumbuka Donegani, nikasema basi na mimi najenga kona zangu. Geti saa mbili na robo. Sijashuka hata mara moja kwenye kupanda, isipokuwa hiyo chai ambayo mguu mmoja tu ulishuka.

Baiskeli nikaiacha kwa mama mmoja mwenye kibanda nje ya geti. Tukaandikisha, saa tatu kasoro tukaanza kutembea.

Nilidhani kutembea kutakuwa mapumziko. Miguu iliyozoea kuzunguka ikiambiwa ipige hatua inagoma, kilomita ya kwanza nilikuwa natembea kama nimevaa viatu vya mtu mwingine. Binamu pole pole, pole pole, nilikuwa namsikiaga anawaambia Wazungu sasa na mimi nimekuwa Mzungu wake. Wagumu, yaani wapagazi, wanatupita na mizigo kichwani wanasalimia wanapotelea ukunguni. Msitu ni mzito, mti umevaa mbega juu na kuvu chini, mifereji ya maji inapita chini ya njia, na kuna ua dogo jekundu limejikunja kama mkonga wa tembo, jina lake la kisayansi ni Impatiens kilimanjari, binamu anasema duniani liko mlima huu tu.

Na hapo ndo tofauti na Stelvio. Juu kule, urefu huu huu, hakuna mti, ni mawe na theluji, na barabara inafungwa majira yote ya baridi, mpaka mwezi wa tano au wa sita huko ndo wanaifungua. Sisi tuko digrii tatu tu kusini mwa ikweta, urefu ule ule unakuta mbega anakula majani. Ila hewa ni ile ile nyembamba, kwenye 2,700 unapata kama robo tatu tu ya hewa ya Tanga, na hilo kichwa changu kilikuwa kinaniambia bila kupima.

Mandara saa sita kasoro dakika kumi. Mita 2,720. Nikakaa chini nikala chapati mbili, nikawa nimefurahi kabisa, mpaka nikakumbuka. 2,757. Zimebaki mita 37! Nikamwambia binamu, akaniangalia kama fundi alivyoniangalia miguu. Afu akasema twende Maundi.

Maundi ni kreta ndogo ya zamani, kama robo saa hivi kutoka Mandara kwa mtu mzima, kwangu dakika ishirini na tano. Unatoka msituni ghafla. Ukungu wote ukabaki chini yetu kama pamba imetandazwa, na juu jua, na Mawenzi na Kibo wamesimama pale karibu, ambao kwa siku tisa mjini walikuwa hawajaonekana. Nikatoa simu niangalie urefu. 2,749. Nikapanda kwenye jiwe. 2,746. Simu hizi ni hivyo, setilaiti zinapima vizuri uko wapi lakini kwenye urefu zinakosea mita nyingi tu, pale stendi imewahi kunipa mia saba tisini asubuhi na mia nane arobaini jioni na stendi haijahama. Nilijua hilo. Bado nikazunguka ukingo wa kreta nimeshika simu juu ya kichwa kama natafuta mtandao, mpaka ikasoma 2,781, nikapiga picha haraka kabla haijabadilisha mawazo. Binamu anazo video, namuomba asizirushe.

Kurudi: geti saa tisa na nusu, magoti yamekwisha. Kushuka mpaka Himo, bana, achia, bana, achia, nguzo kwa nguzo. Mtori kwa shangazi bakuli mbili. Kahawa Himo nimelipa. Nyumbani saa moja jioni.

Wiki ya 9

Nimemtumia yule mzee picha ya 2,781. Kajibu siku hiyo hiyo kwa sauti, binamu katafsiri, anasema hongera sana, ila kona ziko ngapi?

Jumapili nimerudi Himo kwa haisi ili nizihesabu kona vizuri mpaka getini. Nimekaa siti ya dirishani na mama mwenye kuku watatu, nilikuwa nimefika kona ya kumi na moja, kuku mmoja akatoka, hesabu ikapotea. Itabidi nirudi na baiskeli.